Jua la saa nne usiku: niende midsommar au nibaki ndani?

"Shikamoo dokta. Niko Sweden mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi nyumba ya wazee, kwetu ni Bukoba. Kila mwezi wa sita hawa watu wanachanganyikiwa na hiyo sikukuu yao ya midsommar, ya siku ndefu kuliko zote. Mwaka jana wenzangu wa kazini walinialika nikakataa, nikabaki ndani peke yangu, jua linawaka mpaka saa nne usiku na mimi nalia, hata sababu siijui. Mwaka huu wamenialika tena. Mama anasema hayo ni mambo ya mizimu nisisogee. Mimi mwenyewe sioni maana yake, jua kwetu lipo kila siku, kuna haja gani ya kulifanyia sherehe? Halafu tangu mwezi wa tano usingizi sipati vizuri. Nina tatizo? Niende au nisiende?"

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, na niseme mapema kwamba mi ni mwanasaikolojia, dawa siandiki, ila huku kaskazini nimekaa miaka kumi na nne na nimeongea na watu wengi wa nyumbani kuhusu hili hili. Umeuliza kama mambo manne kwa pamoja, ila naona yote yanafungwa na moja, kwamba wenzako wanafurahia kitu ambacho wewe hukihisi, na kutokukihisi kunakufanya ujione uko nje. Hilo la kulia umelipitisha haraka katikati kama vile sio kitu, mi nadhani ndo lenyewe, nitalirudia.

Tuanze na jua, kwa sababu ukilielewa hili mengine yanakuwa mepesi.

Watu wengi wanadhani mwezi wa sita huku kunakuwa na joto na mwanga kwa sababu dunia imelisogelea jua. Sio kweli, ni kinyume kabisa, mwanzoni mwa Julai dunia ndo inakuwa mbali na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, kama kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari, baridi imekaza huku, ndo iko karibu zaidi, kama milioni 147. Kinachofanya kazi ni mwinamo. Dunia haizunguki ikiwa imesimama wima, mhimili wake umeinama digrii 23.4, kwahiyo nusu ya mwaka upande wa kaskazini umeinamia jua na nusu nyingine umelipa mgongo. Tarehe 20 au 21 Juni ndo upande wa kaskazini umeinama kuelekea jua mpaka mwisho wake. Siku hiyo jua la mchana linakuwa juu ya mstari unaopita karibu kabisa na Muscat, yaani ndugu zetu walioko Oman wakisimama nje saa sita mchana kivuli kinakuwa chini ya miguu yao. Wataalamu wanaita siku hiyo solstisi, ni neno la Kilatini lenye maana ya jua kusimama, na halijakaa vibaya. Fikiria bembea. Ikiwa katikati inapita kasi, ikifika juu kabisa inatulia kidogo kama inafikiria halafu ndo inarudi. Mwezi wa tatu pale Stockholm siku inarefuka kwa dakika tano na zaidi kila siku, yaani ndani ya wiki moja unaona tofauti kwa macho, lakini ukifika karibu na solstisi siku kadhaa zinapita urefu ule ule, bembea imetulia juu.

Sasa pale kwenu Bukoba, uko digrii moja na kidogo tu kusini ya Ikweta. Siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote zinapishana kama dakika tisa, mwaka mzima. Nani ataziona dakika tisa? Jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, linazama karibu saa moja jioni, na ndo maana hata saa zetu tunazihesabu kwa jua, saa moja ya asubuhi ni saa moja kweli, jua limetoka, siku imeanza. Stockholm siku ya Juni ina saa kama kumi na nane na nusu za jua, na siku ya Desemba ina saa sita. Sita! Na hizo sita jua lenyewe halipandi, saa sita mchana liko chini pale juu ya miti, digrii saba hivi kutoka upeo, kama jua letu likibakiza nusu saa lizame. Ukienda juu zaidi Kiruna, kuna wiki kadhaa kiangazi jua halizami kabisa, na kuna wiki kadhaa majira ya baridi halichomozi kabisa.

Na hapo hapo kuna kitu watu wa nyumbani huwa wanasahau. Tarehe hiyo hiyo ambayo wewe una siku ndefu, mama yako yuko kusini ya Ikweta kwahiyo yeye ndo ana siku fupi kuliko zote za mwaka, ila kwa hizo dakika chache hawezi kugundua. Mtu wa Mbeya kidogo anaweza, kwake tofauti inafika kama saa moja, na ni kipindi cha kipupwe.

Umeuliza kuna haja gani ya kulifanyia jua sherehe. Swali zuri, na mi nakujibu kwa senene. Mwezi wa kumi na moja senene wakishuka Bukoba mji wote unabadilika, watu hawalali, taa zinawashwa, mapipa na mabati yanapangwa, watoto wanakimbia gizani na vyupa, asubuhi kila nyumba inanyonyoa mabawa na harufu ya kukaanga iko kila mtaa, na mtu aliyeko Dar anapiga simu anauliza wameshafika? na anataka atumiwe. Jaribu kumwelezea Mswidi hiyo furaha. Atakuangalia atasema si ni panzi tu. Utamwambia sio panzi tu, wanakuja kwa msimu, unawasubiri, unajua hawatakaa, na walipokuja mara ya mwisho marehemu babu alikuwepo. Kama senene wangekuwepo kila siku mwaka mzima nani angekesha? Jua kwenu ni kitu cha kila siku, hakuna anayekesha kwa ajili yake. Kwao jua ndo senene.

Kwahiyo hiyo maana unayoitafuta huwezi kuipata kwa kuiangalia siku yenyewe tu, inabidi uiangalie kutokea Desemba. Mtu aliyekaa hapa wiki moja ya Juni kama mtalii anaona watu wamevaa mataji ya maua wanaruka kuzunguka mlingoti kama vyura, anapiga picha anaondoka. We sio mtalii. We umeshatoka kazini saa tisa alasiri giza limeingia, umeshaamka gizani ukaenda kazini gizani ukarudi gizani wiki baada ya wiki, baridi tatu umezipita. Mdogo wangu, hiyo sikukuu umeshailipia. Wengi wa nyumbani ninaoongea nao wananiambia mwaka wa kwanza hawakuhisi kitu, wa pili walishangaa tu, halafu mwaka mmoja ghafla mwezi wa nne mtu anaona jua limegonga ukuta wa jikoni mahali ambapo halikugonga miezi mitano na anasimama pale na sufuria mkononi, machozi yanamtoka. Mi ilikuwa mwaka wa nne. Siku hiyo ndo nilielewa kwa nini jirani yangu mzee alikuwa anatoa kiti nje hata kuna barafu chini, anakaa amefumba macho uso umeelekea juani kama mtu anayesali.

Ila furaha hiyo ina kitu ndani yake. Siku ile ile ya kusherehekea wana usemi wao, kwamba sasa inageuka, maana yake kuanzia kesho siku zinaanza kufupika. Wanasema wanacheka, ila wanajua. Yaani wako kileleni na wanaona njia ya kushuka. Mi naamini hapo ndo ilipo siri ya kwa nini siku hii inamgusa mtu hata asiyekuwa wa kwao, inakukumbusha muda. Kwahiyo kulia kwako kwenye jua lile sikushangai. Ulikuwa peke yako, mji umehama, maana midsommar watu wanakimbilia mashambani kwa ndugu zao, madirisha yote kimya, mwanga umejaa nje kama unakwambia toka, na huna pa kutoka kwenda. Giza angalau linakuficha, mtu akijifungia Desemba kila mtu anaelewa. Ukijifungia Juni unajiona we ndo mwenye kasoro. Huna kasoro. Ulikuwa mpweke na hukulala vizuri, hivyo viwili vikikutana vinamliza mtu yeyote.

Sasa mizimu, na hapa nataka niwe mkweli kwa pande zote, nisimdharau mama. Watu wa kaskazini ya Ulaya wamekuwa wakiwasha moto na kutafuta maua na majani ya dawa kipindi hiki tangu zamani sana, na imani za kutabiri mchumba zipo mpaka leo, mabinti wanachuma maua ya aina saba kimya kimya wanayaweka chini ya mto ili wamuote mume. Kwahiyo mama hajakosea kunusa kitu cha kale. Lakini kanisa nalo liliipokea siku hii zamani mno kama kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, 24 Juni, na hesabu yake imetoka kwenye Luka sura ya kwanza, malaika anamwambia Mariamu kwamba Elisabeti ana mimba ya mwezi wa sita, basi Yohana anamtangulia Yesu kwa miezi sita, mmoja Juni mmoja Desemba. Mtakatifu Augustino alihubiri kabisa juu ya hilo, akaunganisha na yale maneno ya Yohana mwenyewe, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua", kwamba Yohana anazaliwa siku zikianza kupungua na Kristo anazaliwa siku zikianza kuzidi. Mi kila nikilifikiria hilo nasisimka. Wafini mpaka leo sikukuu yao wanaiita Juhannus, ni Yohana huyo huyo. Na ule mlingoti wenye majani ambao watu wanausema sana, inaelekea ulitoka Ujerumani mwishoni mwa zama za kati, sio madhabahu ya mtu.

We umekulia KKKT nadhani, yaani kanisa la Kilutheri la Tanzania, na dayosisi ya kwenu ina historia ndefu na Kanisa la Sweden. Kanisa hilo lina ibada siku ya Jumamosi ya midsommar, somo lake ni uumbaji, na Jumapili inayofuata ni ya Yohana Mbatizaji. Unaweza kwenda huko. Waswidi wengi wa leo wala hawafikirii dini siku hiyo, kwao ni familia, chakula na mwanzo wa likizo, hata tarehe waliihamisha 1953 ikawa Ijumaa na Jumamosi kwa ajili ya kurahisisha mapumziko. Kama dhamiri yako inakataa maua ya kuotea mume, yaache, hamna atakayekulazimisha. Kula viazi vipya na samaki wa siki sio ibada ya sanamu.

Na kwani sisi hatuna? Makunduchi kule Zanzibar mwezi wa saba wana Mwaka Kogwa, watu wanapigana kwa mashina ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na ni mwaka wa jua ule, sio wa mwezi, watu wa pwani walikuwa wanahesabu siku 365 kuanzia Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka huo, wakizigawa kwa miongo ya siku kumi kumi ili wajue upepo utageuka lini. Waislamu wazuri kabisa wanahudhuria. Binadamu akiona mwaka unageuka anataka awe na wenzake, basi.

Niende au nisiende? Mi ningekwambia nenda, ila nenda na macho wazi. Mambo ambayo hayapendezi ni pombe, inanywewa nyingi na mapema, na kila mwaka kuna watu wanazama majini kwa sababu wamekunywa wakapanda boti au wakaogelea. Kama hunywi sema mapema tu kwamba hunywi, huku wanaheshimu. Uliza kabisa utarudi vipi, maana mabasi ya vijijini siku hiyo ni shida na hutaki kukwama kwa watu mpaka asubuhi bila kupenda. Peleka chakula chako kimoja, ndizi ukizipata, ili usikae pale kama mgeni wa kuhurumiwa. Na sio lazima ukae mpaka mwisho, saa tatu nne zinatosha kwa mara ya kwanza.

Kama hiyo bado ni nzito kuna njia nyingine, na mi kwa kweli hii naipenda zaidi kwa mtu wa kazi yako. Chukua shifti ya mchana siku hiyo. Nyumba nyingi za wazee zinapamba na majani ya miti ya björk, mlingoti mdogo unawekwa bustanini, viazi na majani ya shibiti, stroberi. Tafuta bibi mmoja umuulize midsommar ilikuwaje alipokuwa na miaka kumi. Hata mzee ambaye kumbukumbu zimemtoka, hajui leo ni lini wala wewe ni nani, mara nyingi nyimbo za siku hiyo zimebaki, anaziimba zote. Utajifunza maana ya siku hiyo kwa mtu aliyeiona mara themanini, na atakuwa na mtu wa kumsikiliza, na malipo ya sikukuu juu yake. Ila usichukue shifti ili ujifiche, hapo ujiulize kwa ukweli. Mwaka jana ulijificha na uliona ilivyokuwa. Chaguo la kubaki ndani peke yako ndo pekee ambalo silikushauri.

Usingizi. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake sio kuona, kazi yake ni kuiambia saa ya ubongo kama ni mchana au usiku, na mwanga ukiwa mwingi ubongo unachelewesha melatonini, ile homoni inayoufungulia mwili mlango wa usingizi. Mwili wako umekua mahali ambapo jua lilikuwa linazima lenyewe kila jioni kwa wakati ule ule, hukuwahi kuhitaji kuamua usiku umeanza saa ngapi. Huku Juni lazima uamue mwenyewe. Nunua pazia nzito zile za giza kabisa, au hata blanketi jeusi ulibane dirishani, mi nilianza hivyo. Saa tatu usiku funga pazia zote za nyumba, simu weka mbali, lala kwa saa na sio kwa kusubiri giza maana halitakuja. Ukitoka shifti ya usiku vaa miwani ya jua mpaka nyumbani. Na asubuhi toka nje mapema upate mwanga, ndo unaiweka saa sawa. Vidonge vya melatonini usinunue tu kwa sababu rafiki anavitumia, uliza kwanza kituo cha afya. Hapo hapo waombe wakupime vitamini D, ngozi yetu inahitaji jua zaidi kuitengeneza na kuanzia kama Oktoba mpaka Machi jua la Stockholm liko chini mno, halitoshi. Upungufu wake unaleta uchovu ambao watu wanaudhania uvivu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kulia siku moja ya sikukuu mbali na nyumbani sio ugonjwa. Lakini kama huzuni inakaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, chakula hakipandi, kazi inakushinda, vitu ulivyovipenda vimekuwa majivu, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo, au piga 1177, namba ya ushauri wa afya, wakuelekeze, na una haki ya kuomba mkalimani. Pia nenda kama ni kinyume, yaani unalala saa mbili tatu tu na hujisikii kuchoka, mawazo yanakimbia, unatumia hela ovyo, unaongea bila breki, kuna watu mwanga wa kiangazi unawapandisha hivyo na ni hatari kama kushuka. Na yakikujia mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri apointimenti, piga 112, namba ya dharura, au nenda hospitali kitengo cha dharura, mpigie na mtu aje akae na wewe. Watu wanadhani mawazo hayo ni ya Desemba, kumbe huku kaskazini hatari huwa inapanda majira ya kuchipua mpaka mwanzo wa kiangazi, wakati kila mtu nje anaonekana ana furaha. Nakwambia hili sio kukutisha, nakwambia kwa sababu ulilia peke yako na hukumwambia mtu mpaka leo.

Kuhusu mama, usibishane naye kwa meseji. Siku hiyo mpigie video saa tatu usiku ya huku, kwake itakuwa saa nne na giza totoro, ndo anajiandaa kulala. Msalimie, mpe habari za Luka na Elisabeti, halafu geuza kamera umwonyeshe jua lilivyo juu ya miti. Mwache aliangalie kwanza, usimwambie kitu.